Sentensi Niliyoiruka

Makanyagio, Mpanda
7 Desemba 2025

Dada yangu Minza,

Shikamoo. Hiyo ni yako, na nyingine umfikishie shemeji Mabula huko majarubani, maana najua mvua zimeshashika na yeye si mtu wa kukutwa nyumbani mchana. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulinieleza kwamba ukipiga magoti kanisani kuinuka ni shughuli, na sasa umeanza kusali umekaa kama diwani. Nilicheka, lakini nenda zahanati. Je, Happiness amepona ile malaria? Na yule dume mwekundu aliyeumia kwato, ameanza kulima au bado anakula bure? Nijibu yote haya, hata kama mengine yaliyomo humu hutayapenda.

Sisi huku tu wazima. Wifi yako Specioza bado anafanya kazi wodi ya wazazi na anarudi nyumbani miguu imevimba. Watoto wamefunga shule, wako nyumbani wanamaliza sukari. Mimi mwili hauna neno. Nalala lakini sipumziki, na chakula nakila kwa sababu kimepakuliwa. Hayo ndiyo yaliyonifanya nikae chini kukuandikia.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Simu yako, dada, huwa unaiweka spika, na nyumba nzima mpaka mchunga ng'ombe anapata habari zangu kabla sijamaliza kusalimia. Haya ya leo sitaki uyasikie umezungukwa na watu. Ndiyo maana nimempa mwalimu Ponsian, anayerudi huko Mamba kesho, na nimemwambia asiiache dukani kama alivyofanya na zile picha za harusi. Akupe mkononi. Isome mwenyewe, polepole, wala usimpe mwanao Aloyce akusomee, kwa sababu anasoma haraka kama anafukuzwa.

Kwanza niieleze kazi yangu vizuri, kwa kuwa nyie huko mmeikuza. Huwa unawaambia akina mama wa jumuiya kwamba mdogo wako ndiye anayeamua nani akae Tanzania na nani arudi kwao. Sikuwahi kukurekebisha, maana ilinipendeza. Ukweli ni kwamba naamua nusu tu. Mtu akivuka mpaka akaomba hifadhi, mimi ndiye ninayemkalisha kwenye kiti, namhoji siku nzima, naandika majibu yake kwa mkono kwenye daftari. Kisha narudi Mpanda, nachapa ripoti, na mwishoni naweka pendekezo langu: akubaliwe au akataliwe. Ripoti inakwenda kwa kamati. Wale wakubwa hawamwoni huyo mtu. Hawamsikii akitafuta maneno, wala hawaoni miguu yake ilivyopasuka. Wanachokiona ni karatasi yangu, na mara nyingi wanalifuata pendekezo langu kama lilivyo.

Nimeifanya miaka kumi na moja, na sitajifanya mnyenyekevu mbele yako, kwa sababu naiweza. Nimejifunza kumuuliza mtu jambo moja mara tatu kwa njia tatu. Namuuliza siku ya soko la kwao. Namuuliza mlango wa kanisa lao unatazama wapi. Nampa kalamu anichoree njia ya kwenda kisimani. Anayedanganya huwa amekariri mambo makubwa, mapigano na majina ya viongozi, lakini kisima hakijui. Kwa njia hiyo nimewagundua watu wa vijiji vyetu wenyewe waliojifanya wametoka ng'ambo, na nimewatetea wengine ambao ofisi nzima iliwaona waongo. Wenzangu wakanipa jina la Mzani. Nililipenda jina hilo kuliko inavyofaa mtu mzima kupenda jina la utani.

Basi, mwezi wa sita alikuja mwanamke mmoja kutoka Burundi. Sheria hainiruhusu kukuandikia jina lake, kwa hiyo nitamwita Helena. Alishuka na boti ufukweni mwa Tanganyika akiwa na watoto wawili, msichana wa miaka tisa na kichanga mgongoni, wakapanda pikipiki za kupokezana mpaka Mishamo kwa shangazi yake, Goreth. Huyu Goreth ni miongoni mwa wale walioletwa na wazazi wao mwaka sabini na mbili, wakafyeka ule msitu mpaka ukawa mashamba, na baadaye wakapewa uraia. Ni Mtanzania kama mimi na wewe, ana mihogo yake na baiskeli yake, na si mtu wa maneno mengi. Siku ya pili tu alimchukua mpwa wake akampeleka kujiandikisha.

Nilimhoji kule kule Mishamo, kwenye chumba cha kuazima chenye bati lisilo na dari. Unajua joto la mwezi wa sita mchana, asubuhi umevaa sweta. Kanuni zetu zinataka faragha, kwa hiyo msichana nilimwacha nje kwenye baraza na Goreth, wakichambua maharage. Ndani tulikuwa watatu: mimi, Helena na mkalimani wangu Heri. Heri ni mtu wa rika langu, mzaliwa wa Mishamo, Kirundi amekinyonya na Kiswahili amekisomea, na siku ambazo hatumhitaji anatengeneza baiskeli. Siku ya kwanza kufanya naye kazi nilimpa sharti moja tu, kwamba atafsiri na asieleze. Mtu akisema mti, aniambie mti, asianze kunihadithia matunda yake. Alilishika sharti hilo miaka yote.

Helena alieleza vizuri. Alisema baba wa mume wake alikuwa mzee anayesikilizwa kwenye kilima chao, ndivyo wanavyoviita vijiji vyao, na alikuwa amekataa mbele za watu kuwapa wenye nguvu wa pale majina ya vijana waliokuwa wakitafutwa. Siku moja mchana, wakati wanapiga maharage uani, lilikuja gari la watu wenye silaha. Walimpiga mzee hapo hapo mpaka akafa, Helena akiwa ameshika mti wa kupigia maharage mkononi. Baadaye wakarudi wakamchukua mumewe, na tangu hapo hajulikani alipo. Mara ya tatu walikuja kumuulizia yeye. Hakungoja ya nne.

Sasa tazama kesi hii inategemea nini, dada. Inamtegemea huyo mzee. Kama Helena ni mkwe wake kweli, hatari iliyoikuta nyumba ile ni yake na ya watoto wake, na kumrudisha ni kumpeleka mikononi mwa watu wale. Kama si mkwe wake, basi amesikia msiba wa watu wengine akauvaa. Habari za mauaji hayo zilikuwa zimeshatufikia ofisini kwa njia nyingine, na jina la mzee tulikuwa nalo kwenye kumbukumbu zetu. Kilichobaki ni Helena kulitaja bila kusaidiwa, nami niandike kwamba limelingana, nipendekeze akubaliwe.

Nikamuuliza jina la mumewe, akalitaja. Nikamuuliza mashemeji zake, akawataja watano, mkubwa mpaka mdogo. Nikamuuliza jina la baba mkwe. Akanyamaza. Nikazunguka kwa njia nyingine, nikamuuliza watu wa kile kilima walikuwa wakimwitaje yule mzee. Akavuta kona ya kitenge akafunika mdomo, akainama. Mara ya tatu nikamweleza kupitia kwa Heri kwamba swali hili ni zito na kutolijibu kutamuumiza. Akanyamaza. Nikaandika, nikafunga daftari, tukaenda kula.

Kwenye ripoti nikachapa kwamba mwombaji aliulizwa mara tatu jina la mtu anayedai kuwa ni baba mkwe wake, ambaye madai yake yote yanamtegemea, na kwamba hakulitaja wala hakutoa sababu yoyote. Nikapendekeza akataliwe. Mwezi wa nane kamati ikamkataa.

Goreth alifunga safari mpaka hapa Mpanda na barua ya kuomba kesi ipitiwe upya. Alikuwa ameandikiwa na katekista wao, kwa mwandiko wa kupendeza, na ilisema kwamba kwao mwanamke hamtaji baba mkwe kwa jina, na kwamba aulizwe mtu yeyote wa kule. Niliipokea, nikaigonga muhuri, nikaipeleka. Majibu yalirudi mwezi wa kumi, sentensi mbili tu. Kama hiyo ndiyo sababu, mwombaji alikuwa na nafasi ya kuisema siku ya mahojiano, na ripoti inaonyesha hakuisema. Sababu iliyokuja baada ya kukataliwa inaonekana ni ya kufundishwa. Helena na wanawe wakawekwa kwenye orodha ya watakaorudishwa kwa basi tarehe ishirini na saba Novemba.

Najua hapo umeguna. Wewe ambaye umeolewa miaka ishirini na sita na hujawahi kulitamka jina la babu yake Aloyce, hata siku tuliyomzika, wakati padri alipowataka wote mwitikie kwa kulitaja. Wewe ambaye jirani mwenye jina kama la mzee unamwita yule wa kisimani. Hata mimi humu sitaliandika, usije ukakutana nalo hujajiandaa. Kwa hiyo unajiuliza mdogo wako aliyekulia mgongoni mwako imekuwaje asielewe. Utasema mji umemsahaulisha. Utanitetea, nakujua.

Dada, rudi juu pale nilipoandika kwamba mara ya tatu Helena alinyamaza. Siyo kweli. Nimekuandikia vile vile nilivyoiandikia kamati, uone inavyosomeka. Hata wewe umeipita bila kusimama.

Mara ya tatu Helena alisema. Aliondoa kitenge mdomoni, akasema kwa Kirundi, na Heri akatafsiri bila kuongeza neno, kwamba kwao mke halitamki jina la baba wa mume wake, na sasa amekufa kifo kile ndiyo hawezi kabisa. Akasema binti yake yuko nje pale barazani, tumwite, yeye atalitaja, maana ni mjukuu. Niliiandika yote kwenye daftari. Aliniona naandika. Ndiyo maana hakubisha zaidi wala hakulia wala hakumwita mtoto mwenyewe. Alidhani jambo lake limeingia kwenye karatasi na litafika kwa wakubwa.

Mtoto sikumwita kwa sababu kanuni inakataza kumhoji mtoto bila mtu wa ustawi wa jamii, na mtu huyo siku ile hakuwepo. Hapo nilikuwa sahihi. Ningeweza kuandika kwamba arudiwe siku nyingine na mtoto aulizwe, na ingekuwa kazi ya nusu saa. Lakini nilipofika Mpanda nikakaa kuchapa, daftari likiwa wazi kushoto kwangu, nikafika kwenye ile sentensi, nikairuka.

Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni ndogo. Wiki ile mkubwa wetu alikuwa ametukalisha kikao, akatusema maofisa wa mikoa hii kwamba tunawaandikia waombaji kama ndugu, tunawabebea mila mpaka mezani, na kwamba kila mwongo siku hizi anakuja na mila yake mkononi. Akasema anatamani wote tungeandika kama Mzani. Watu wakanigeukia. Na palikuwa na nafasi ya mkuu wa kituo iliyokuwa ikisubiri mtu. Nisingependa useme ni cheo kilichonifanya, lakini sitasema hakikuwepo.

Sababu ya pili ndiyo iliyonishikisha kalamu kukuandikia. Nikiiweka ile sentensi, kamati ingeniuliza najuaje kwamba mila hiyo ni ya kweli, na jibu nilikuwa nalo moja tu. Ningeandika kwamba naijua kwa sababu dada yangu wa kuzaliwa anaishi hivyo, kwamba watu wetu na wale wa ng'ambo wanafanana katika hili, na kwamba nimemwona dada yangu akifunika mdomo kwa kona ya kitenge vile vile. Vidole vilikuwa juu ya kompyuta, nikakuona wewe, na ndala zako, na mikono yako yenye tope la jaruba, umesimama katikati ya ripoti yangu mbele ya watu wenye digrii zao. Nikaona haya. Nilikuonea haya wewe, Minza. Nimeliandika, na silifuti.

Haikuwa mara ya kwanza. Unakumbuka siku tuliyomleta shemeji Mabula hospitali na lile jipu la mguu? Karani alikuuliza jina kamili la mgonjwa. Ukasema Mabula, ukaishia hapo, kwa sababu jina la pili ni la baba yake. Karani akauliza Mabula nani. Ukanitazama. Nilikuwa nimevaa shati la kazini na kitambulisho kifuani, na watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yetu. Nilicheka na yule karani, nikamwambia hawa ndugu zetu wa shamba bado wako enzi za mababu, kisha nikalitaja jina la mzee kwa sauti kubwa hata waliokaa mwisho wakasikia. Ulirekebisha shuka la mumeo. Jioni uliponipakulia ulinianza mimi kabla ya watoto, na mimi nikala nikaona yamekwisha. Nisamehe kwa siku ile, na unisamehe kwa hii nyingine ambayo hukuwa na habari nayo. Sijui kuomba msamaha kwa maneno mazuri. Nakuomba tu.

Sasa nikueleze jinsi nilivyofika kwenye kusema. Mwanzoni mwa Novemba Heri alikuja ofisini na fomu zake za ukalimani, akaziweka mezani kwangu. Alisema kwa heshima zake zote kwamba anarudi kwenye baiskeli. Alisema ameapa kutoyatoa ya mle chumbani na hatayatoa kwa mtu, lakini Goreth ni jirani yake, wanachota bomba moja, na kila asubuhi yule mama anamsalimia kama kawaida, na yeye hawezi tena kuitikia. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama baiskeli ya mwanangu bado inaruka mnyororo, nimpelekee. Nilitamani angenitukana.

Nilimweleza Specioza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza yule wa mgongoni ana umri gani. Nikamwambia miezi minane hivi. Akanyanyuka akaenda kuanua nguo, na siku mbili hatukuzungumza zaidi ya habari za chumvi na ada. Siku ya tatu nililetewa orodha ya basi niikague na kuweka saini, na majina ya wale watatu yalikuwa ya saba, ya nane na ya tisa.

Jumatatu ya tarehe ishirini na nne nikaandika kwa kamati. Barua ya kwanza nilisema kwamba sentensi hiyo ilisahaulika wakati wa kuchapa. Nikamsomea Specioza, akaniuliza ilijisahau yenyewe? Nikaichana. Ya pili niliandika kwamba mwombaji alitoa sababu yake mbele yangu siku ile ile na akataka mtoto aulizwe, kwamba mkalimani alitafsiri sawasawa, na kwamba mimi niliiacha nikijua. Nikaambatanisha nakala ya ukurasa wa daftari. Maana kamati ingeweza kumsaidia Helena kwa njia hiyo tu: mtu wa kuthibitisha kwamba alisema kabla hajakataliwa, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilipopeleka ile bahasha, nilikaa kwenye ngazi za ofisi.

Jumatano jioni wakayaondoa majina yao kwenye orodha. Goreth alikuwa ameshachemsha mihogo na kukaanga karanga za safari, na Helena alikuwa ameshagawa jembe lake na sufuria kwa majirani. Nasikia mihogo ile ililiwa na majirani wote, na sufuria ikarudishwa ikiwa imesuguliwa.

Wiki iliyofuata alikuja ofisa mwingine, mama mmoja mpole asiyenijua, pamoja na mtu wa ustawi wa jamii, kumhoji upya. Mimi niliitwa kuthibitisha kwamba daftari ni langu na mwandiko ni wangu. Nilipomaliza nikaambiwa ningoje nje, nikakaa kwenye ile ile baraza ya Mishamo. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nikamsikia yule mama akimuuliza msichana jina la babu yake. Mtoto akalitaja kwa sauti ya darasani, jina lote, akaongeza na la baba yake babu, kisha bila kuulizwa akataja na ng'ombe wa babu, mmoja mmoja. Lilikuwa lenyewe, dada, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kumbukumbu zetu. Ndipo nikasikia Helena analia. Mwezi wa sita siku nzima sikumwona akitoa chozi. Nadhani tangu siku ile ya maharage hakuna mtu aliyekuwa amelitamka jina la mzee mbele yake. Goreth, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa baraza, alinitazama, akajitanda khanga vizuri, akaendelea kutazama barabara. Nilistahili zaidi ya hapo.

Uamuzi haujatoka. Wanaruhusiwa kukaa Mishamo mpaka utoke, na yule mama wakati anapanda gari alinipa mkono, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Mimi naliona kama dalili njema, ila mimi siyo wa kuaminiwa kwa sasa.

Na mimi nimesimamishwa kazi tangu Jumatatu. Uchunguzi utachukua miezi, na mwisho wake unaweza kuwa kufukuzwa. Hilo najiambia nimejiandaa nalo, ingawa asubuhi bado navaa shati la kazini kabla sijakumbuka. Kinachoniumiza ni mafaili yangu mengine ya miaka yote hii. Nimejiuliza kama niliwahi kuruka sentensi ya mtu mwingine. Sidhani. Lakini mwombaji akiniambia sidhani huwa siandiki kwamba amejibu, kwa hiyo nimewaomba wenyewe wayasome yote upya, hata yale niliyosifiwa.

Nakuja Mamba Jumamosi na basi la asubuhi. Specioza amesema niende nikashike jembe la ng'ombe, kwamba humu ndani nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwambie shemeji anitafutie gamboti zinazonitosha na asinionee huruma. Msalimie Aloyce, na Happiness, na yule jirani wa kisimani anayeniulizia kila mara kama nimenenepa. Specioza anakusalimu sana na amekuwekea dawa ya goti ndani ya bahasha ya kaki, ukichua asubuhi na jioni.

Jambo moja la mwisho. Watu watakuuliza. Akina mama wa jumuiya watataka kujua imekuwaje mdogo wako mwenye ofisi yuko kwenye tope mwezi mzima. Na wewe, kwa jinsi ulivyo, utanifunika. Utawaambia niko likizo. Usiseme hivyo, dada. Waambie nimesimamishwa. Wakitaka kujua sababu, waambie mwanamke alisema, nami nikaandika kwamba alinyamaza.

Mimi mdogo wako,
Nyanda Malale